Sindano za kuzuia damu kuganda: kujichoma mwenyewe nyumbani baada ya kubadilishwa nyonga

Swali: Mimi ni mama wa miaka 63, mkazi wa Tanga. Siku tisa zilizopita nilibadilishwa nyonga ya kulia iliyokuwa imelika, katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Nimerudi nyumbani na sindano za enoksaparini za miligramu 40, nijichome moja kila siku tumboni. Nilipewa za kumaliza siku 14, pamoja na cheti cha kununua nyingine 14. Muuguzi alinionyesha mara moja tu. Sasa tumbo langu limejaa alama za zambarau na kijani. Jirani yangu, ambaye alikuwa muuguzi zamani, anasema nitoe hewa kwanza na nisugue baada ya kuchoma. Binti yangu anaona kwamba kwa kuwa natembea vizuri na magongo, hakuna haja ya kununua zile nyingine. Na shoga yangu ameniambia dawa hii inatokana na nguruwe, jambo linalonikosesha raha. Nifanye nini?

Jibu la mfamasia: Shikamoo mama. Pole kwa upasuaji, na hongera kwa kuwa umeshasimama. Nitaanza na shauri la binti yako ingawa umelitaja karibu na mwisho, kwa sababu ukikosea kidogo katika kuchoma utapata alama au maumivu, lakini ukikosea katika hesabu ya siku unaweza kupoteza maisha.

Damu huganda ndani ya mishipa kwa sababu tatu, ambazo wanafunzi wa tiba bado hufundishwa kwa jina la mtabibu wa Kijerumani wa karne ya 19, Rudolf Virchow: damu inapotembea polepole mno, ukuta wa mshipa unapoumia, na damu yenyewe inapokuwa na wepesi wa kuganda kuliko kawaida. Upasuaji wa nyonga huzileta zote tatu kwa mpigo. Mguu wako ulikunjwa na kuzungushwa mezani, na mishipa mikubwa ya paja ikabanwa na kuvutwa. Baadaye ukalala muda mrefu bila misuli ya vigimbi kufanya kazi yake ya kuisukuma damu kurudi juu. Na mwili, ulipoona mfupa umekatwa, uliamsha nguvu zake zote za kugandisha damu ili kidonda kizibe. Nguvu hizo hazilali siku mshono unapokauka. Huendelea kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya madonge ya damu yanayowapata watu waliobadilishwa nyonga hugunduliwa baada ya mgonjwa kuruhusiwa kurudi nyumbani, akiwa tayari anatembea na kupokea wageni wa kumpa pole.

Kwa hiyo kutembea kwako ni kuzuri na uendelee nako, lakini kunapunguza sababu moja tu kati ya zile tatu. Miongozo ya kitaalamu hutaka mtu aliyebadilishwa nyonga apate kinga kwa siku 10 hadi 14 kwa uchache, na hupendekeza kinga hiyo iendelee hadi siku 35. Daktari wako amechagua siku 28, ambao ni mpango wa kawaida kabisa. Waliobadilishwa goti mara nyingi hupewa siku chache zaidi, na huenda binti yako amesikia habari za mgonjwa wa aina hiyo. Ikiwa kinachomsumbua hasa ni bei, na sindano hizi kweli si rahisi, basi mpigie daktari kabla ya dozi ya 14 kwisha, wala usingoje hadi baada yake. Viko vidonge vilivyoidhinishwa kwa watu waliobadilishwa nyonga kwa mpango kama wewe: rivaroksabani ya miligramu 10 mara moja kwa siku, au apiksabani ya miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Wapo hata madaktari wa mifupa wanaomalizia siku za mwisho kwa aspirini. Lakini kuhama kutoka dawa moja kwenda nyingine ni uamuzi wa daktari anayejua figo zako, uzito wako na dawa zako nyingine, na hauwezi kufanywa kwenye kaunta ya duka la dawa.

Jina tulilolipa dawa hii mitaani nalo limechangia kutochukuliwa kwa uzito. Tunaiita dawa ya kulainisha damu, au ya kuyeyusha damu, na msikiaji hudhani inaongeza maji katika damu, au inaipunguza, hata wengine wenye upungufu wa damu huikataa kwa hofu hiyo. Haifanyi hivyo. Damu yako ni nzito vilevile kama jana. Ndani ya damu kuna protini iitwayo antitrombini, ambayo kazi yake ni kuzuia mgando usivuke mpaka, na enoksaparini huishika protini hiyo na kuipa nguvu zaidi. Haiyeyushi donge lililokwisha kufanyika, bali huzuia jipya lisianze na dogo lisikue. Nguvu yake hufika kileleni kati ya saa tatu na saa tano baada ya kuchomwa, kisha hupungua, na ikifika siku ya pili imebaki kidogo. Kwa sababu hiyo saa ya kujichoma isiwe ya kubahatisha. Chagua saa ambayo hutaikosa, kwa mfano saa mbili usiku ukishaswali isha, na ubaki nayo hadi sindano ya mwisho.

Sasa kuhusu kuchoma kwenyewe. Nawa mikono kwa sabuni. Usikae ukainama kutazama tumbo, kwa maana nyonga mpya haitakiwi kukunjwa kupita kiasi ulichoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi. Jilaze nusu, mgongo ukiegemea mito miwili, mahali penye mwanga. Chagua sehemu ya tumbo iliyo upande wa kulia au wa kushoto, angalau sentimita tano kutoka kitovuni, yaani kama upana wa vidole vitatu vya mtu mzima, mbali na kovu lolote na mbali na alama ya jana. Badilisha upande kila siku. Mimi huwashauri wagonjwa watumie tarehe: shufwa kulia, witiri kushoto, hivyo hakuna anayehitaji kukumbuka, isipokuwa mwezi wenye siku 31 unapokwisha, kwa kuwa tarehe 31 na tarehe mosi zote ni witiri.

Safisha ngozi kwa pamba yenye spiriti na uiache ikauke yenyewe, kwa sababu spiriti mbichi ikiingia na ncha ya sindano ndiyo inayowasha kama pilipili. Vuta kifuniko cha sindano moja kwa moja bila kukizungusha. Kwa mkono mmoja shika mkunjo wa ngozi na mafuta yaliyo chini yake, kati ya kidole gumba na cha shahada, bila kuubana hadi uume. Kwa mkono mwingine shika bomba kama unavyoshika kalamu, na uingize sindano yote, hadi mwisho wake, ikiwa imesimama wima juu ya mkunjo huo na si kwa kulalia upande. Wengi huogopa hapa na kuingiza nusu. Sindano hii ina urefu wa zaidi kidogo ya sentimita moja, imetengenezwa ikomee kwenye mafuta, na ukiiingiza nusu dawa hubaki karibu na ngozi ambako inauma na kuacha alama kubwa zaidi. Usivute kisukumio nyuma kutazama kama kuna damu. Sukuma polepole, ukihesabu hadi kumi, hadi bomba liwe tupu, kisha chomoa kwa njia ileile ya wima, ndipo uachie mkunjo wa ngozi, ambao hukutakiwa kuuachia kabla ya hapo.

Jirani yako hakukosea kwa sindano alizokuwa akichoma kazini. Amekosea kwa hii. Kile kiputo cha hewa kiliwekwa na kiwanda makusudi. Ukielekeza ncha chini, kiputo hupanda hadi kwenye kisukumio, na mwisho wa kuchoma ndicho kinachosukuma tone la mwisho la dawa litoke kwenye sindano na kuingia mwilini. Ukikitoa, unatoa na dawa. Hofu ya hewa ni ya sindano za mshipani. Hewa kidogo hiyo chini ya ngozi haina madhara. Jambo hili lina hali moja ya pekee: mgonjwa aliyeandikiwa dozi ndogo kuliko iliyomo bombani huondoa ziada kwanza, na yeye afundishwe na muuguzi. Wewe dozi yako ni bomba zima la miligramu 40.

Kusugua ni kosa kubwa zaidi ya hilo. Mahali ulipochoma pana dawa inayozuia damu isigande na tundu dogo lililopita kwenye vimishipa. Ukisugua unavipasua na damu inasambaa chini ya ngozi. Weka pamba kavu na ukandamize taratibu kwa dakika moja au mbili bila kusugua. Naamini sehemu kubwa ya alama ulizoziona zimetokana na hilo, na nyingine ni za kawaida ambazo hata muuguzi stadi angeziacha. Alama ya ukubwa wa sarafu, au hata kubwa kidogo, inayogeuka kutoka zambarau kuwa kijani na kisha njano, inapona. Uvimbe mdogo mgumu kama punje ya mahindi pia si jambo la kukutisha. Usiyoruhusiwa kuingoja hadi asubuhi ni alama inayopanuka saa baada ya saa, au uvimbe wa tumbo unaouma sana na kufuatana na kizunguzungu.

Ukisahau dozi na ukakumbuka siku hiyohiyo, jichome mara unapokumbuka. Ukikumbuka wakati dozi ya pili imekaribia, iache iliyopita na uendelee na ratiba, kisha mweleze daktari. Usijichome mbili siku moja ili kufidia. Andika kwenye kalenda ya ukutani kila usiku: saa, upande, na idadi iliyobaki. Kalenda hiyo itakusaidia pia utakapoulizwa hospitalini ni lini ulichoma mara ya mwisho, na swali hilo likiulizwa kwa dharura huwa halina nafasi ya kukisia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwa mama wa Tanga si sindano bali wasaidizi wanaokuzunguka kwa mapenzi. Katika kipindi hiki usikubali kuumikwa chuku wala kufanyiwa hijama, kwa kuwa ngozi itakayokatwa haitaacha kutoka damu kwa urahisi. Usikubali mguu uliovimba ukandwe au kuchuliwa kwa mafuta. Mguu mmoja kuvimba baada ya upasuaji huenda ni donge la damu, na kulikanda ni kulisukuma lielekee kwenye mapafu. Usinywe mitishamba ambayo hujui kilichomo, wala vidonge vya kitunguu saumu. Na ukipata maumivu, usiende kuchomwa ile sindano ya diklofenaki ya takoni ambayo maduka mengi huitoa bila maswali: dawa hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini usiyoandikiwa, huongeza hatari ya kutokwa na damu, na tundu la takoni peke yake linaweza kuvujia ndani ya msuli. Tumia parasetamoli kwa kipimo ulichoandikiwa, na ikishindwa, mwambie daktari. Mweleze kila atakayekuhudumia, hata daktari wa meno, kwamba uko kwenye enoksaparini. Mchuzi wenye kitunguu saumu wa kawaida wa nyumbani wala usiukimbie. Nazungumzia dawa, si chakula.

Kuhusu dalili za hatari, naomba binti yako naye azisome, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huzipuuza. Upande mmoja ni damu kutoka kupita kiasi: puani kwa zaidi ya dakika kumi bila kukoma, choo cheusi cha kunata kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, kidonda cha upasuaji kuanza kulowesha bandeji upya, au kichwa kuuma ghafla kwa ukali, hasa ukiwa umeanguka na kujigonga. Kama upasuaji wako ulifanywa kwa ganzi ya mgongoni, jumlisha na hili: miguu kufa ganzi au kukosa nguvu upya, au mkojo kukataa kutoka, ni dharura ya saa hiyohiyo, kwani damu huweza kukusanyika na kubana uti wa mgongo. Upande wa pili ni damu kuganda licha ya kinga: kigimbi kimoja kuvimba, kuuma na kuwa cha moto kuliko kingine, au kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio, kuzirai. Ukiona hayo usingoje gari la asubuhi. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura, na ubebe boksi la sindano. Dawa ya kupunguza makali ya enoksaparini ipo, inaitwa protamini, ingawa haiyaondoi yote.

Uliza pia kama vipimo vya figo na picha kamili ya damu vilifanywa kabla ya kuruhusiwa. Enoksaparini hutoka mwilini kwa njia ya figo, na figo zikiwa dhaifu sana dozi hupunguzwa. Vilevile mwanamke mwenye uzito chini ya kilo 45 huangaliwa kwa karibu zaidi. Ile picha ya damu ni kwa ajili ya chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Kwa wagonjwa wachache, kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu dawa ianze, chembe hizo hushuka kwa nusu au zaidi, na jambo la ajabu ni kwamba badala ya kuvuja, damu yao huganda. Uko ndani ya siku hizo sasa. Kama daktari alikupa tarehe ya kurudia kipimo, usiikose. Na mabaka meusi au yenye maumivu makali mahali unapochoma yampeleke binti yako kwenye simu mara moja.

Habari ya nguruwe ni kweli, na sikubaliani na wenzangu wanaoificha. Heparini, dawa ambayo enoksaparini hutokana nayo, iligunduliwa mwaka 1916 na mwanafunzi wa udaktari, Jay McLean, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, akichunguza maini ya mbwa. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la ini. Leo hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe, na enoksaparini ni heparini hiyo iliyokatwakatwa kwa kemikali kuwa vipande vidogo. Mimi ni mfamasia, fatwa si kazi yangu. Najua wapo wanazuoni wanaoiruhusu kwa mlango wa dharura, na wengine kwa hoja kwamba kitu kilichogeuzwa kabisa kimekuwa kingine. Sheikh wako atakueleza. Ninachoweza kukuambia kwa upande wangu ni kwamba mbadala upo: fondaparinuksi ni sindano ya chini ya ngozi iliyotengenezwa maabara bila mnyama, na viini vya vile vidonge viwili nilivyovitaja hutengenezwa kwa kemikali pia. Mpigie daktari umwambie waziwazi kwamba sababu ni ya dini. Ataelewa. Usiache kujichoma wakati unasubiri jibu, kwa maana ukiacha, kwa wakati huo hutakuwa na kinga yoyote.

Mambo ya nyumbani hayahitaji maneno mengi. Sindano zisikae mahali penye zaidi ya nyuzijoto 25, jambo ambalo Tanga wakati wa kaskazi ni shida. Ziache ndani ya boksi lake, kwenye chumba chenye baridi kuliko vyote, ndani ya kopo kavu lenye mfuniko kando ya mtungi wa maji, na mbali na dirisha. Zisigandishwe kamwe. Utakaponunua zile 14, mwombe mfamasia akupe za wiki moja moja akutunzie nyingine kwenye chumba chake chenye kiyoyozi, na hakikisha boksi limeandikwa miligramu 40, kwa sababu duka likiishiwa huwa kuna kishawishi cha kukupa za 60. Baada ya kuchoma, elekeza ncha mbali na watu, sukuma kisukumio kwa nguvu hadi kinga ya plastiki iifunike sindano, kisha tumbukiza bomba kwenye chupa ngumu ya plastiki, kama ile ya dawa ya kusafishia choo. Usitupe chooni wala jalalani, kwani watoto na waokota chupa ndio watakaochomwa. Chupa ikijaa, ipeleke zahanati iwekwe kwenye boksi la usalama.

Utakaporudi Dar es Salaam kutolewa nyuzi, usiache dozi kwa sababu ya safari. Ukiwa ndani ya basi chezesha vifundo vya miguu kila mara, kunywa maji, na ushuke kila linaposimama.

Sindano ya 28 ikiisha, unaacha siku hiyo bila kupunguza dozi polepole. Karatasi ya dalili za hatari iendelee kubaki ukutani kando ya kalenda hadi miezi mitatu itimie tangu siku ya upasuaji, kwa sababu donge la damu linaweza kutokea hata baada ya dawa kwisha, na kigimbi kilichovimba wiki ya saba hupelekwa hospitali kwa haraka ileile ya wiki ya pili.